Maandishi ya Missamma hayaendani na maneno

Wakuu, hapa Kirumba nataka kuonyesha Missamma, filamu ya India ya 1955, bandani. Maandishi ya chini yanapishana na maneno. Nifanyeje?

— Filamu hiyo ina matoleo mawili ya lugha za India, kwa hiyo mtazame mwigizaji wa shujaa kwanza. Akiwa N. T. Rama Rao, ni toleo la Kitelugu. Akiwa Gemini Ganesan, ni la Kitamil, liitwalo Missiamma. Mwigizaji wa kike, Savitri, yumo zote mbili, usipimie kwake. Kila toleo lilipigwa picha kivyake, matukio hayalingani urefu. Kusogeza sekunde ni kazi bure. Tafuta faili la maandishi la toleo ulilo nalo.

— Toleo likiwa sahihi na pengo linakua taratibu, ni kasi: maandishi ya fremu (picha) 25 kwa sekunde kwenye filamu ya 24. Kwa saa moja unapishana dakika 2 na ushee. Badili kasi ya maandishi.

— Kumbe ni Gemini! Asanteni wakuu.