Wakuu, kurivasi semi tela kwenye godauni kunanitoa jasho, naomba ushauri

Dereva_Mgeni:
Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa. Nilikuwa utingo, sasa nimekabidhiwa hosi (kichwa cha lori) na semi ya futi 40, ruti ya Dar–Tunduma. Barabarani sina presha, hata mlima Kitonga naushuka na gia yangu ndogo taratibu. Kazi iko kwenye rivasi. Kurudi nyuma moja kwa moja naweza, ila magodauni ya Vingunguti mlango uko ubavuni na malori yamebanana. Nikikata kidogo tela halitii, nikiongeza linakunja mpaka kona ya kontena inanyemelea kabini. Utingo anapiga bodi "kata, kata!", nyuma honi. Mlijifunzaje?

Mzee wa Makambako:
Marahaba. Tela huwa linachelewa kujibu, ndiyo maana unaongeza steringi. Likija kujibu, umeshazidisha. Kata, subiri mwendo wa kutambaa, ukiona limeanza kugeuka anza kurudisha steringi kulifuata. Usingoje likae sawa ndipo urudishe, utakuwa umechelewa. Na likishakunja, acha ubishi: weka gia ya mbele, sogea, nyoosha, anza upya. Sisi wazee tunasogea mbele kila siku na hatuoni aibu.

Pulingi_Damu:
Semi inakutoa jasho? Ngoja upewe pulingi, lori lenye tela la kuvuta nyuma, inakunja sehemu mbili, ndipo utamkumbuka mama 😂

Saiti_Mira:
Mkuu, shika steringi chini kabisa. Mkono ukienda kushoto, mkia wa tela unakwenda kushoto. Ukienda kulia, nao kulia. Hapo kichwa kinaacha kuchanganyikiwa.

Mzee wa Makambako:
Hiyo inamsaidia anayeanza, sikatai, lakini kwenye kona kali mkono mmoja hautoshi. Mimi namfundisha kijana kutumia vioo. Unarudi moja kwa moja, tela likianza kujitokeza zaidi kwenye kioo cha kulia, zungusha steringi kulia, litarudi. Kushoto vilevile. Kidogo tu, mapema.

Mama Semi:
Wote mmeruka jambo kubwa: namna ya kujipanga. Rivasi nyingi zinaharibikia mbele, kabla hata hujaweka gia ya nyuma. Upite mlango ukiwa upande wako wa kulia, ukishaupita kata hosi kushoto utoke nje, mpaka mkia wa tela uwe umeshaanza kuutazama mlango. Hapo kazi iliyobaki ni ndogo, na yote unaiona kwa kioo chako na kwa dirisha. Ila usigande na kioo hicho kimoja, maana pua ya hosi nayo inafagia. Wengi wanagonga saiti mira (kioo cha pembeni) ya jirani huku macho yako nyuma.

Halafu huyo utingo. "Kata kulia" yake ni steringi au ni tela? Mkubaliane kabla. Akae unapomwona kwenye kioo, akipotea simama. Na usimwamini kuliko macho yako: piga handibreki, shuka, zunguka nyuma mwenyewe, tazama na juu pia, paa la godauni na nyaya. Honi za watu hazilipi bampa.

Dereva_Mgeni:
Asanteni sana. Sasa Mama, kama geti limekaa kiasi kwamba lazima nirudi kwa upande wa kushoto?

Mama Semi:
Kwanza omba kuzunguka uingilie upande wa pili, mara nyingi inawezekana ukiongea vizuri na mlinzi. Ikishindikana, tela likishakunja kushoto kioo cha kushoto kinaonyesha ubavu wa kontena tu, mkia huuoni. Kwa hiyo nenda hatua fupi fupi, kila hatua shuka uangalie.

Saiti_Mira:
Na milango ya kontena ifungue uibane ubavuni kabla hujagusa rampu ya kupakulia. Ukishafika haifunguki tena, utasogea mbele wabebaji wote wakikutazama.

Dereva_Mgeni:
Jumapili yadi inakuwa tupu, naomba ndoo za rangi nizipange kama mlango.

Pulingi_Damu:
Ndoo tupu lakini. Zenye rangi utalipa.