Gereza la ulinzi mdogo: wawili wametoroka wakiwa shambani, bangi haikatiki bwenini. Nianzie wapi?

Mlinda_Lango:
Heshima kwenu wakuu. Nimekabidhiwa dawati la usalama kwenye gereza la wazi: wafungwa 180, mabweni sita, fensi ya senyenge inayoishia kifuani. Ndani ya miezi miwili wawili wametoroka wakiwa kwenye kazi za shamba, na misokoto ya bangi inaokotwa bwenini. Wakubwa wanataka fensi iinuliwe na bweni zima linyimwe wageni mpaka wahusika watajwe. Mimi naona dawa haijaendana na ugonjwa, ila sina hoja ya kupeleka mezani. Naombeni ushauri wa vitendo.

Zamu_ya_Pili:
Mkuu, hao wawili hawakuruka fensi. Walipitia langoni, wameandikwa daftarini, na askari juu. Sasa fensi ya mita nne ingewazuia vipi?

Kanuni za Nelson Mandela za Umoja wa Mataifa (2015), kanuni ya 89, zinasema gereza la wazi halitegemei vizuizi dhidi ya kutoroka, linategemea nidhamu ya mfungwa mwenyewe. Kwa hiyo pesa ya nguzo ipeleke kwenye hesabu. Nani anahesabu hapo kwenu? Kama nyapara anapaza namba na askari anaandika, tundu lako ni hilo, tena kanuni ya 40 inakataza mfungwa kupewa kazi ya kusimamia nidhamu ya wenzake. Wahesabu askari wawili, kila mmoja kivyake, kisha walinganishe. Namba zikipishana rudieni tangu mwanzo. Wakati wa hesabu hakuna kutembea, maana anayehama kitanda huhesabiwa mara mbili na kuziba pengo la mwenzake. Usiku hesabu ngozi au pumzi, usihesabu blanketi.

Kwa wakubwa wako peleka hii: mtu anatembea kama kilomita 5 kwa saa. Kati ya hesabu moja na nyingine zikipita saa nne, unaanza kumsaka kwenye duara la nusu-kipenyo cha kilomita 20, yaani zaidi ya kilomita za mraba 1,250. Ikipita saa moja tu, duara ni kilomita za mraba 79 hivi. Eneo limepungua mara 16 na hujanunua hata roli moja ya waya.

Daftari_Jeusi:
Naongezea la kwanini wanaondoka. Fungua mafaili ya hao wawili, angalia siku kumi za mwisho: ombi la likizo lililokataliwa, habari mbaya ya nyumbani, mgeni aliyeacha kuja, kuomba kuhamishwa bweni bila sababu inayoeleweka. Hiyo ya mwisho mara nyingi ni deni. Bangi hutolewa kwa mkopo, deni linapanda, ndugu wanaambiwa watume pesa kwa mtu wa nje. Zikikwama, mdaiwa ana njia mbili: awe mbebaji wa mzigo wao, au ajiondokee. Ndiyo maana utoro na bangi ni faili moja, usiwagawie maafisa wawili wasioongea.

Linganisha daftari la duka la gereza na makabati. Anayenunua sana na kabati ni tupu, huyo analipa. Asiyenunua kitu na kabati limejaa sabuni, huyo ndiye analipwa.

Kuhusu kunyima bweni zima wageni: kanuni ya 43 inakataza adhabu ya jumla. Na hata ingeruhusiwa, siku hiyo hiyo umepoteza kila aliyekuwa anakunong'oneza.

Kijiti_Kimoja:
Jamani, msisahau vipimo, maana huko ndiko askari wanakoharibu kesi.

Kwenye vijiti vingi vya kupimia dawa za kulevya kwa mkojo, mstari wa dawa ukionekana, hata uwe hafifu kama uzi, jibu ni HASI. Chanya ni pale mstari wa dawa unapokosekana kabisa na ule wa udhibiti, unaoonyesha kijiti kinafanya kazi, upo. Wa udhibiti usipotokea, tupa kijiti. Wengi wanaona mstari umefifia wanaandika "chanya kidogo". Hakuna kitu kama hicho.

Mkojo upimwe joto ndani ya dakika 4: nyuzi 32 hadi 38. Nje ya hapo umeletwa au umechanganywa. Kreatinini (taka ya mwili inayotoka na mkojo) chini ya miligramu 20 kwa desilita maana yake umezimuliwa kwa maji, chukua sampuli nyingine. Tanki la choo litiwe rangi ya buluu, ili maji yake yakichanganywa yaonekane.

Bangi kwa mvutaji wa kila siku inaweza kuonekana hata mwezi mzima, heroini ni siku mbili tatu. Ukipima Jumatatu tu, umewapa ratiba. Mbaya zaidi, unawasukuma kutoka bangi kwenda unga kwa sababu unawahi kutoka mwilini. Hoja hiyo ilizuka Uingereza vipimo vya lazima vilipoanza miaka ya 1990. Chagua majina kwa bahati nasibu, wikiendi ikiwemo. Bangi za kutengenezwa maabara hazionekani kwenye kijiti cha kawaida cha bangi, na huweza kuingia zimelowekwa kwenye karatasi ya barua. Toa nakala ya barua, mfungwa apewe nakala hiyo, si karatasi yenyewe.

Mlinda_Lango:
Shukrani sana wakuu. Maswali mawili. Kijiti kikiwa chanya naweza kumwadhibu palepale? Na mzigo unaingilia wapi hasa, kwa wageni au shambani?

Kijiti_Kimoja:
Usimwadhibu kwa kijiti peke yake. Dawa ya kikohozi yenye kodeini inatosha kuleta chanya ya afyuni, kundi la heroini. Funga chupa kwa lakiri mbele yake, asaini, ipelekwe maabara kuthibitishwa.

Zamu_ya_Pili:
Wageni hulaumiwa kuliko wanavyostahili. Gereza lenye fensi ya kifuani, mzigo hurushwa au huachwa njiani. Doria izunguke fensi alfajiri KABLA mabweni hayajafunguliwa. Ikizunguka baada ya chai inakuta nyayo tu. Shambani, kagua mitaro na mashina kabla genge halijafika. Na askari wenyewe wapekuliwe langoni, wa cheo chochote.

Mlinda_Lango:
Genge la shamba lina askari mmoja kwa watu 20. Hesabu ya katikati ya kazi ataifanyaje bila kuacha lindo?

Daftari_Jeusi:
Aifunge kwenye mapumziko ya maji. Kila jembe na panga lina namba, na namba hiyo imeandikwa jina la mtu asubuhi. Saa ya maji kila mmoja analeta chombo chake anakiweka kwenye mstari chini, ndipo anapewa kikombe. Askari anasimama pale pale anahesabu vyuma. Namba ya chombo ikikosekana kwenye mstari, ameshajua nani hayupo na alionekana mara ya mwisho saa ngapi.