Mkandarasi amenitumia picha ya cheti kwa WhatsApp: je, inatosha kumkabidhi nyumba ya mama?

Binti wa Magomeni

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaishi Muscat, na nyumba ya mama yangu iko Magomeni, Dar es Salaam. Tumekubaliana na kaka zangu kuikarabati: kubomoa ukuta unaotenganisha sebule na baraza, kuezeka upya upande wa uani, na kubadilisha nyaya za umeme ambazo zimo humo tangu enzi za marehemu baba. Mtu tuliyeelekezwa na jirani anajitambulisha kuwa mkandarasi, ana maneno mazuri, na anataka nusu ya fedha kabla ya kuanza. Nilipomuuliza kuhusu usajili alinitumia picha ya cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yaani CRB, lakini kona ya chini, ambako nadhani ndiko kwenye tarehe, imefunikwa na kidole gumba chake. Kaka yangu anasema ninamsumbua bure mtu wa watu. Je, kuna haja ya kuhakiki zaidi, na aliye mbali kama mimi aanzie wapi?

Mzee wa Futikamba

Dada, hicho kidole peke yake kinatosha kukufanya uulize. Nimefanya kazi ya ukadiriaji majenzi kwa miaka mingi, na watu wengi hudhani sheria inamhusu anayejenga nyumba mpya tu. Sivyo: Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 inamhesabu pia anayebadilisha jengo lililopo kwa malipo. Piga simu CRB, au mtume kaka yako katika ofisi yao ya kanda, uwatajie jina la kampuni na namba ya usajili, kisha usiridhike na jibu la "ipo". Uliza kama ada ya mwaka huu imelipwa, kwa sababu wapo waliofutwa kwa kutoilipa na vyeti vyao bado vinaning'inia ukutani. Uliza imesajiliwa kwa kazi za aina gani, maana mkandarasi wa barabara si mkandarasi wa majengo. Uliza pia daraja lake: makandarasi wa majengo wana madaraja saba, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi, isipokuwa la kwanza. Umeme ni habari nyingine, kwani atakayegusa nyaya anapaswa kuwa na leseni ya EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, na hiyo nayo inahakikiwa kwao.

Kuhusu ukuta, usikubali ubomolewe kabla mhandisi hajauona na kabla Manispaa ya Kinondoni haijatoa kibali. Huenda ndio uliobeba paa.

Mpangaji wa Zamani

Naomba nieleze yaliyonipata Tanga, ingawa yananitia aibu. Mimi nilihakiki cheti, nikaambiwa kampuni ni halali, nikafurahi. Kosa langu lilikuwa kutotazama jina la akaunti niliyopewa, ambayo ilikuwa ya mtu binafsi. Mafundi walipanua dirisha la chumba cha mbele wakaikata lenta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha, na baada ya mvua za masika ufa ukapanda kutoka kona ya dirisha hadi kwenye dari, upana wake ukiingiza sarafu. Nilipoiandikia kampuni ilinijibu kwa heshima kabisa kwamba haijawahi kusaini mkataba nami wala kupokea senti yangu, na risiti zangu zilithibitisha hivyo. Bodi inaweza kumwadhibu mkandarasi iliyemsajili, hata kumfutia usajili, lakini mimi sikuwa na mkandarasi wa kumlalamikia. Nilikuwa na namba ya simu isiyopatikana.

Fundi Kigamboni

Ninaheshimu yaliyosemwa, ila cheti kisigeuzwe kuwa hirizi. Wapo wenye kampuni wanaokodisha majina yao, na siku ya kazi huoni hata mtu wao mmoja kwenye saiti. Kwa hiyo muulize ni nani hasa atakayesimamia, na jina lake liandikwe kwenye mkataba. Tena si kila kazi inadai mkandarasi: kupaka rangi au kubadilisha vigae vya jikoni, fundi mzuri wa mtaani anakutosha, na bei yake haitakuumiza. Lakini panapoguswa ukuta, nguzo au msingi, mimi mwenyewe husema hapana. Tangu jengo la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu, sikubali kazi ya kuchimba chini ya jengo la watu kwa maelekezo ya mwenye nyumba peke yake.

Nusu ya fedha kabla hata ya mfuko mmoja wa saruji kushushwa ni nyingi mno. Lipa kwa hatua, na kaka yako aikague kila hatua kabla hujatuma.

Binti wa Magomeni

Ninawashukuru sana, na Mzee, shikamoo. Kaka alikwenda leo asubuhi. Kampuni ipo na ada imelipwa, lakini imesajiliwa kwa kazi za umeme tu, na huyu bwana si miongoni mwa wakurugenzi wake. Nilipomweleza alisema hayo ni "mambo ya makaratasi", na kwamba ukuta ataubomoa shemeji yake. Fedha sijatuma. Tunatafuta mhandisi wa kuutazama huo ukuta kwanza. Aliye na uzoefu wa nyumba za zamani za Magomeni anielekeze.