Anafunga katoni vizuri nikiwepo, nikitoka anasimama

Mdau_Vingunguti
Wakuu, habari za leo. Nina kijana mwenye ulemavu wa akili ninayemfundisha kazi, wiki ya tatu sasa kwenye kiwanda cha viungo vya pilau, kitengo cha kufungasha. Paketi 24 kwa katoni, selotepu, kisha kwenye paleti. Nikiwa pembeni hakosei. Nikitoka tu anaganda na paketi mkononi, au katoni inafungwa na 22, mara 25. Mwajiri ameanza kunung'unika. Nakosea wapi?

Bi_Mwezeshaji
Unamfanyia kazi kwa mdomo, mkuu. "Haya, nyingine", "bado moja": kwake sauti yako imeshakuwa hatua mojawapo ya kazi. Usiposema, kazi imekatika hapo.

Fanya kazi hiyo wewe mwenyewe zamu nzima, uandike hatua jinsi mikono inavyokwenda, si jinsi meneja anavyoeleza. "Funga katoni" si hatua moja: kuna kukunja vifuniko vidogo, halafu vikubwa, kuvuta selotepu, kuikata, kuisugua ishike. Utapata hatua 12 hadi 15. Kila siku weka alama kwenye kila hatua: amefanya mwenyewe, ameonyeshwa kwa kidole, au ameshikwa mkono. Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi tano kwanza (wengi tunaingilia sekunde ya pili), kisha onyesha kwa kidole, kimya. Simama nyuma ya bega lake. Ukiwa mbele atasoma uso wako badala ya katoni. Akifanya peke yake siku tatu mfululizo, sogea: mita moja, tatu, mlangoni, nje dakika kumi.

Hesabu usimfundishe. Chukua kadibodi, chora visanduku 24, mistari 4 ya visanduku 6, kila kimoja sawa na kitako cha paketi. Vikijaa vyote ndipo anahamishia kwenye katoni. Paketi ya 25 haina pa kukaa. Lifunike kadibodi kwa nailoni, la sivyo vumbi la bizari litafuta mistari.

Afisa_Utumishi
Naongezea upande wa kiwandani. Nani anamwambia "hapa umekosea"? Kama ni wewe, basi bosi wake ni wewe. Tafuta mfanyakazi wa meza ile ile, zamu ile ile, si supervaiza anayezunguka. Mwonyeshe kusubiri, kuonyesha kwa kidole, na kutomalizia kazi ya mwenzake. Andaa na wa pili, maana kuna likizo na kubadilishana zamu.

Mwajiri mpelekee ile karatasi ya alama. Najua Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu, lakini ukianza kumtajia kifungu wakati katoni zinarudishwa, mazungumzo yamekwisha.

Fundi_Buguruni
Kabla ya yote, angalia anaganda saa ngapi. Huenda paketi zimeisha mezani na hajui zinatoka wapi, kwa sababu kuna mtu humletea.

Mdau_Vingunguti
Duh. Ndoo za paketi huwa nazileta mimi.

Bi_Mwezeshaji
Basi hiyo ndiyo hatua ya kwanza kwenye orodha yako: ndoo ikiwa tupu, aende nayo kwenye mashine.