Naomba ushauri: siku moja Aswan nikiwa na mama mzee na watoto

Habari zenu wanajamvi. Familia yangu itakuwa Misri likizo ya Desemba, na kwa kuwa tumetenga siku moja tu kwa ajili ya Aswan, naomba ushauri wa waliowahi kufika huko. Nimepanga tuanze asubuhi na hekalu la Philae la Isis, mungu wa kike wa Misri ya kale, ambalo lilihamishiwa kisiwa cha Agilkia katika miaka ya 1970 ili lisimezwe na maji ya bwawa, kisha alasiri tupande mashua hadi Gharb Soheil, kijiji cha Wanubi chenye nyumba za buluu na mamba wanaofugwa majumbani (watoto hawazungumzii kitu kingine). Mume wangu anashikilia twende Abu Simbel, kwenye mahekalu ya kale yaliyochongwa mwambani, karibu kilomita 280 kusini, safari ambayo itatulazimu kuondoka alfajiri na kumaliza nusu ya siku barabarani; binafsi naona ni kumtesa mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua. Je, mzee anayetembelea mkongojo ataweza kupanda na kushuka boti pale Philae bila taabu? Na nauli hupatanwa kwa kila kichwa au kwa chombo kizima, kwenda na kurudi?