Naomba ushauri: rangi ya kahawia kwenye polisakaridi (sukari za minyororo mirefu) za chai ya pu-erh

Wandugu wa labo hapa Bukavu na kwingine, naomba ushauri. Majani ya pu-erh (chai ya Kichina, huchachushwa na kuvu kama Aspergillus niger; chai yetu nyeusi ya Kivu huoksidika tu, msizichanganye) huoshwa kwanza kwa alkoholi ya 80%, kisha gramu 50 huchemshwa katika lita 1 ya maji kwa saa 2. Kimo chetu maji huchemka karibu nyuzi 95, yanatosha. Supu hupunguzwa hadi mililita 200, hutiwa alkoholi mara 4 ya ujazo wake ili polisakaridi zitulie chini, hulala kwenye frigo.

Mashapo yanatoka kahawia na kunata kwenye kijiko: teabraunini, rangi ya kahawia ya chai iliyochachushwa, imeng'ang'ania sukari. Basi tukipima alfa-glukosidasi (kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa glukosi) nayo ikizuiwa, hujui ni polisakaridi au polifenoli (kundi la teabraunini) iliyoizuia, na mgonjwa wa kisukari asiahidiwe lolote kwa kipimo hicho.

Haidrojeni peroksaidi hufuta rangi lakini hukata minyororo ya sukari. Aliyetumia rezini ya poliamidi (chembe za plastiki zinazonasa polifenoli), sukari ilipotea kiasi gani? Na dialisisi ya saa 48 (kuondoa molekuli ndogo kwa mfuko wa utando), umeme ukikatika usiku na frigo ikizima, mnazuiaje bakteria wasile sukari?