MREJESHO: Mashine yetu ya kubangua korosho

Wakuu, habari za mihangaiko. Niliuliza kwa nini mashine ya kubangua korosho tunayounda kwa mradi wa mwaka wa mwisho, uhandisi mitambo, inapasua punje pamoja na ganda. Wengi mlisema tubadili mota. Mota haikuwa na shida; aliyelenga ni yule aliyeshauri tuzipange korosho kwa saizi kwanza.

Tukachomelea chekecheke zenye matundu ya ukubwa tofauti, tukaweka nati ya kurekebisha nafasi kati ya visu viwili. Kubwa na ndogo hazipiti tena pamoja. Halafu mama mmoja wa Masasi, mbanguaji wa siku nyingi, akatufunza jingine: korosho zikitoka kwenye mvuke ziachwe zipoe na kukauka, mpaka ganda livunjike kwa mlio, ka! Ikiwa bado ya moto, kisu kinazama tu hadi kwenye punje. Yeye hupaka mikono majivu, maana mafuta ya ganda yanababua ngozi. Tukaongeza kinga ya bati mbele ya visu na trei ya kukinga mafuta hayo.

Sasa punje nzima ni nyingi kuliko vipande, na nzima ndizo zenye bei. Jopo limetupitisha. Msimamizi analalamikia kelele za beringi (kweli zinapiga), na zile korosho kubwa kupita kiasi bado tunabangua kwa mkono. Mwenye fundi mzuri wa kukereza shafti hapa Mtwara mjini anishtue kabla msimu haujaanza.